Jibu la "hasi" halitoshi tena: dawa mpya za saratani ya matiti na kinyama kinachoziamulia

Mwanamke wa Wete au wa Makunduchi aliyekatwa kinyama kwenye uvimbe wa titi miaka kadhaa nyuma, akarudishiwa karatasi iliyoandikwa "HER2 hasi", alikuwa akiambiwa jambo moja tu: dawa inayolenga HER2, protini nitakayoieleza hapa chini, haikufai. Daktari aliyemwambia hivyo alisema kweli kwa wakati wake. Mwezi wa Juni 2022 mambo yakabadilika. Kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa saratani uliofanyika Chicago yalisomwa matokeo ya utafiti wa dawa ya Enhertu, unaoitwa DESTINY-Breast04, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Walionufaika katika utafiti ule ni wanawake wale wale waliokuwa wakiandikiwa hasi.

Hapa Unguja na Pemba watu huzungumzia "sindano mpya ya saratani" kana kwamba ni kitu kimoja. Wengine husema inafaa kila mgonjwa, wengine husema ni ya matajiri tu na hakuna haja ya kuijua. Ukweli ni kwamba hizi ni dawa kadhaa, kila moja na mgonjwa wake, na kinachoamua nani apewe ipi huanzia mbali kabla ya duka la dawa. Huanzia kwenye kinyama kilichokatwa, namna kilivyohifadhiwa, na maabara ilivyokisoma. Hapo ndipo ningependa tukae zaidi, lakini kwanza tuzielewe dawa zenyewe.

Seli za saratani ya matiti hupimwa vitu vitatu. Viwili ni vipokezi vya homoni, yaani estrojeni na projesteroni. Seli yenye vipokezi hivyo hupata nguvu ya kukua kutokana na homoni za mwili, na ndiyo hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni. Cha tatu ni HER2, protini inayokaa juu ya ukuta wa seli na kupokea amri ya kugawanyika. Seli ya kawaida ya titi huwa nazo makumi elfu. Katika baadhi ya saratani jeni inayotengeneza protini hiyo hujirudufu kupita kiasi, na seli moja ikafikisha HER2 hata milioni mbili. Saratani za namna hiyo ni kama 15 hadi 20 katika kila 100 za matiti. Saratani isiyo na hata kimoja katika vitatu hivyo huitwa hasi-tatu, na wanawake wenye asili ya Afrika huipata kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wanawake wa Ulaya.

Ili kuijua HER2, maabara hupaka rangi maalumu juu ya kipande chembamba cha kinyama, kisha daktari wa patholojia hukitazama kwa hadubini na kutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Alama ya 3+ ni chanya bila ubishi. Ya 2+ ni shaka, na inatakiwa kipimo kingine cha kuhesabu jeni yenyewe. Zilizobaki, 0 na 1+, pamoja na 2+ ambayo jeni yake haikujirudufu, zote zikiandikwa hasi. Ndani ya fungu hilo moja waliwekwa watu wasiofanana: asiye na HER2 kabisa, na mwenye HER2 kidogo.

Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikuwa na kazi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, huko California, walionesha kwamba wanawake wenye jeni ya HER2 iliyojirudufu hurudiwa na saratani mapema na hufariki mapema. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha Herceptin, ambayo jina lake la kitaalamu ni trastuzumab. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975. Kingamwili hii hushika HER2 tu na haishiki kitu kingine. Ikishaishika huzuia amri ya kugawanyika, na huziita askari za kinga za mwili zije kuishambulia seli. Lakini ili kuzuia amri kulete faida, lazima seli iwe inaitegemea amri hiyo kwa maisha yake. Mwenye HER2 kidogo hategemei. Ndiyo maana ilipojaribiwa kumpa mwenye HER2 kidogo, Herceptin haikumsaidia, na neno hasi likabaki linatosha.

Dawa za kizazi kipya zinaitumia kingamwili kwa kazi nyingine. Mtu wa Unguja anayempelekea nduguye mzigo Pemba kwa boti huandika jina la mpokeaji, huufunga kamba imara, na kilichomo hufunguliwa kikishafika. Dawa hizi zina sehemu tatu zinazofanya kazi kwa mpango huo. Kingamwili ndiyo inayobeba jina la anayepelekewa. Kiungo cha kemikali ndiyo kamba. Ndani yake mna sumu ya kuua seli, kali kiasi kwamba haiwezi kupewa binadamu ikiwa wazi.

Sumu ya kwanza kutumika kwa saratani ya matiti ina historia iliyopita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Morris Kupchan, alitangaza kwamba amepata kemikali inayoua seli za saratani katika kichaka kilichochumwa Ethiopia. Kemikali hiyo inaitwa meitansini. Ilipotakiwa kwa wingi, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya maelfu ya kilo za mmea wa jamii hiyo hiyo kutoka Shimba Hills, Kwale nchini Kenya, kaskazini ya Pemba ng'ambo ya bahari. Kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa. Iliwatapisha, iliwaharisha, iliwadhuru mishipa ya fahamu, na saratani zilizopungua zilikuwa chache. Kipimo cha kuua saratani kilikaribia mno kipimo cha kumuua mtu, na meitansini ikaachwa.

Naikumbusha habari hii kwa ajili ya wale wanaoshikilia kwamba cha mti hakidhuru. Mti ulikuwa na dawa kweli, na dawa ile ilikuwa sumu. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwenye seli ya saratani bila kuimwaga mwili mzima. Njia hiyo ilipopatikana miongo mitatu baadaye, jamaa wa meitansini alifungwa kwenye trastuzumab, ikapatikana Kadcyla, iliyoidhinishwa Marekani mwezi wa Februari 2013. Siku hizi hakuna kichaka kinachokatwa. Sumu hutayarishwa kutokana na bakteria wanaofugwa kiwandani.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Dawa huingia kwenye mshipa kwa dripu, mara moja kila wiki tatu. Inazunguka na damu mpaka ikutane na HER2. Ikishika, seli huimeza yote kwa pamoja, HER2 na kilichoishika, na kuipeleka kwenye vifuko vyake vya kusagia. Humo kingamwili husagwa na sumu hutoka. Meitansini huvuruga nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, seli hushindwa kugawanyika, hufa.

Faida kubwa ya Kadcyla, kwa maoni yangu, haikuonekana kwa wagonjwa ambao saratani imeshasambaa. Ilionekana kwa wale wa mapema. Katika utafiti wa KATHERINE, uliochapishwa 2019, walichukuliwa wanawake wenye HER2 chanya waliopewa dripu za dawa za saratani kabla ya upasuaji, na walipopasuliwa bado kukakutwa mabaki ya saratani. Nusu walipewa Herceptin peke yake na nusu Kadcyla. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 77 kwa Herceptin na asilimia 88 kwa Kadcyla. Hao ni watu waliokuwa na nafasi ya kupona kabisa, na hiyo nafasi iliongezwa.

Kadcyla ina mpaka wake. Sumu yake ikishatoka kwenye kifuko hubaki ndani ya seli ile ile, haiwezi kupenya kwenda kwa jirani. Na uvimbe wa saratani haufanani kote: seli moja ina HER2 tele, ya pembeni yake inazo chache, ya tatu haina. Isiyo na HER2 huachwa salama, nayo huendelea kuzaana.

Enhertu, iliyobuniwa na kampuni ya Kijapani Daiichi Sankyo na kuidhinishwa Marekani mwezi wa Desemba 2019, ilijengwa kulivuka tatizo hilo. Kingamwili yake hushika HER2 pale pale inaposhika Herceptin. Vilivyobadilika ni kiungo na sumu. Kadcyla hubeba kwa wastani chembe tatu na nusu za sumu kwenye kila kingamwili. Enhertu hubeba kama nane. Sumu yenyewe ni ya ukoo wa kamptothesini, kemikali iliyopatikana miaka ya 1960 katika mti wa Kichina, na huvunja uzi wa vinasaba wakati seli inapojinakili. Kiungo chake hukatwa na vimeng'enya vilivyojaa ndani ya seli za saratani. Kisha, na hili ndilo jambo lenyewe, sumu ikiwa huru huweza kupenya ukuta wa seli na kuingia ya jirani. Seli yenye HER2 chache huimeza dawa, hufa, na mabaki ya sumu huua zilizoizunguka ambazo hazina HER2 hata moja.

Sasa inaeleweka kwa nini fungu la hasi lilipasuka. Kwa Enhertu, seli haihitaji kuitegemea HER2. Inahitaji kuwa nayo ya kutosha ili dawa iingie. Mwenye 1+, au 2+ ambaye jeni yake haikujirudufu, anayo. Katika DESTINY-Breast04 walikuwemo wagonjwa 557 wa namna hiyo, wote wakiwa na saratani iliyosambaa na wameshapita kemotherapi, yaani dawa kali zinazoua seli zinazogawanyika. Waliopewa kemotherapi nyingine ya kawaida walikaa kwa wastani miezi 5.1 kabla ugonjwa haujasonga mbele, na waliishi miezi 16.8. Waliopewa Enhertu walikaa miezi 9.9 na kuishi miezi 23.4. Kwa wenye HER2 chanya tofauti ni kubwa zaidi: ilipolinganishwa na Kadcyla kwenye saratani iliyosambaa, baada ya mwaka mmoja ugonjwa ulikuwa haujasonga kwa asilimia 76 ya waliotumia Enhertu, dhidi ya asilimia 34. Mwezi wa Januari 2025 Marekani iliongeza hata wale ambao rangi yao ni hafifu kuliko 1+, maadamu wana vipokezi vya homoni na wameshapita tiba ya homoni.

Wenye saratani hasi-tatu nao wamepata yao, Trodelvy, iliyoidhinishwa mara ya kwanza 2020. Hii haitafuti HER2. Hutafuta protini nyingine inayoitwa Trop-2, ambayo hupatikana kwenye seli nyingi za saratani ya matiti, na sumu yake pia ni ya ukoo wa kamptothesini. Katika utafiti wa ASCENT iliwafikisha wagonjwa wa hasi-tatu iliyosambaa kwenye miezi 12.1 ya kuishi, dhidi ya 6.7 kwa kemotherapi ya kawaida. Kwa ugonjwa uliokuwa hauna chochote cha kulengwa, hatua hiyo si ndogo.

Soma tena takwimu hizo kwa makini. Kwa saratani iliyosambaa tunazungumza juu ya miezi, wakati mwingine miaka, ya maisha yenye nafuu. Anayemwambia mgonjwa kwamba dawa hizi zinafuta saratani iliyoshafika kwenye ini na mifupa anamdanganya. Na anayesema hazina madhara kwa vile "zinalenga" pia hakusema kweli. Ndani yake mna kemotherapi. Sehemu yake huvuja njiani, na zipo seli zenye afya zinazobeba HER2 au Trop-2 kidogo. Kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu ni vya kawaida, na kwa Enhertu na Trodelvy nywele huweza kukatika. Kadcyla huweza kushusha chembe za kugandisha damu na kusumbua ini. Kwa zile zinazoshika HER2, moyo hupimwa kwa ultrasaundi kabla ya kuanza na wakati wa matibabu. Mwanamke anayeweza kushika mimba anatakiwa kuizuia wakati wa dawa na, kwa Kadcyla na Enhertu, kwa miezi saba baada ya dripu ya mwisho, kwa sababu dawa hizi humdhuru mtoto tumboni.

Madhara mawili yanahitaji kujulikana na nyumba nzima. La kwanza ni mapafu. Katika DESTINY-Breast04, karibu watu 12 kati ya kila 100 waliotumia Enhertu walipata uvimbe wa ndani wa mapafu uliotokana na dawa, na wachache wao walifariki. Huanza kwa kikohozi kikavu, pumzi fupi, pengine homa. Nawaza juu ya mama aliyerudi kwao Micheweni baada ya dripu, akaanza kukohoa, na mtoto wake akamnunulia dawa ya kifua dukani. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kawaida. Kwa huyu ni hatari, maana dawa ya saratani inapaswa kusimamishwa na apigwe picha ya kifua haraka, kisha apewe steroidi. Anayempokea kituo cha afya hawezi kulijua hilo kama hakuambiwa, kwa hiyo jina la dawa liandikwe kwenye daftari la mgonjwa na aliyefuatana naye alijue kwa moyo. La pili ni Trodelvy, ambayo hushusha chembe nyeupe za damu na kuharisha sana. Homa kwa mgonjwa wake ni dharura ya siku hiyo hiyo, na kuharisha kusiachwe mpaka mwili ukauke. Ikiangukia Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kunywa, na ni wajibu wa walio karibu naye kumkumbusha kwa upole.

Majina pia yanachanganya. Kadcyla na Enhertu, kwenye chupa na kwenye karatasi ya daktari, yote mawili huanza na trastuzumab, sawa na Herceptin. Dozi zake haziko sawa hata kidogo, na kumpa mtu moja badala ya nyingine kunaweza kumuua. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza muuguzi, kabla dripu haijafunguliwa: dada, hii ni ipi katika tatu?

Turudi kwenye kinyama, maana visiwani kwetu hapo ndipo mambo yanapokwama mapema zaidi. Kuna khofu iliyoenea kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Utasikia mtu mzima akiambiwa, "Shangazi, usikubali kuchomwa, kitatembea mwili mzima." Saratani husambaa kwa kuachwa. Sindano ya kuchukua kinyama haiisambazi, na bila kinyama hakuna daktari duniani anayeweza kusema mgonjwa huyu ni wa homoni, wa HER2 au wa hasi-tatu. Atapewa tiba ya kukisia.

Kinyama kikishatoka, saa zinaanza kuhesabiwa. Kinatakiwa kiingizwe kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa maabara. Kikiachwa kikauke kwenye joto letu, kikitiwa maji ya chumvi badala ya fomalini, au kikingoja muda mrefu kwa sababu ya siku za mapumziko na zamu ya boti, HER2 na vipokezi vya homoni huharibika. Kwenye hadubini huonekana havipo. Mwanamke mwenye 3+ anaweza kuandikiwa 1+, na mwenye 1+ akaandikiwa 0. Kwa kinyama kinachotoka Chake Chake au Mkoani kwenda kupimwa Unguja au Dar es Salaam, saa ya kukatwa na saa ya kutiwa fomalini ziandikwe juu ya kichupa. Ni kazi ya dakika moja, na naamini ingebadilisha maisha ya wanawake wengi kuliko dawa yoyote mpya itakayoletwa mwaka huu.

Kuhusu kupatikana, tuseme wazi. Marekani, Enhertu ya mwezi mmoja huzidi dola 10,000. Familia nyingi za huku tayari hubeba nauli za boti na malazi kwa sababu ya mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na bei hiyo haifikiki kwao. Lakini Herceptin imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na zipo trastuzumab za kampuni nyingine zenye ubora uliothibitishwa na bei ya chini. Kwa mwanamke mwenye HER2 chanya aliyewahi mapema, upasuaji, kemotherapi na trastuzumab ya kawaida ndivyo vinavyomponesha. Vikikosekana hivyo, kukimbilia Enhertu ni kuanzia juu. Mtu asiuze shamba la karafuu kununua dripu mbili za dawa inayotakiwa kuendelea kila wiki tatu maadamu inafanya kazi, bila kukaa kwanza na daktari bingwa wa saratani na kuambiwa itampa nini.

Anayesoma haya akiwa na karatasi mkononi, au karatasi ya mama yake, aangalie kama vipimo vyote vitatu vimo. Kama HER2 imeandikwa hasi tu, aombe alama: ni 0, 1+ au 2+? Kama ni 2+, kipimo cha jeni kilifanywa? Aulize pia kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kiko maabara gani, kwa sababu kinaweza kutolewa na kusomwa upya baada ya miaka, na akihamishiwa hospitali nyingine asiondoke bila nakala ya majibu. Na ikiwa saratani imerudi, kwenye ini au pengine popote panapofikika kwa sindano, akubali kukatwa kinyama kipya. HER2 hubadilika kadiri ugonjwa unavyokaa na kutibiwa, hasa katika alama hizi za chini: aliyekuwa 0 mwanzo anaweza kukutwa na 1+ leo, na daktari atakayemtibu sasa anahitaji jibu la sasa.